Mpiga Video Aliyetaka Mlinzi Naye Asikilizwe

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Same, nikichagua tangawizi. "Yule wa video za harusi ametutoka," alisema muuzaji, akacheka kabla hajajifuta machozi. Sikushangaa. Nani aliweza kumtaja mtu yule bila kucheka? Ngoma ikimkolea aliacha kamera juu ya kiti akaingia kucheza, na mkanda ukarekodi miguu ya wageni nusu saa nzima.

Miaka ya dhiki alipanga foleni ya sukari kama sisi sote. Biashara huria iliporuhusiwa, akawa wa kwanza mjini kumiliki kamera ya video. Mimi nilikuwa mwandishi kijana mwenye hasira. Kijana mmoja wa Suji, kijiji cha mlimani, alikuwa amefungwa kwa kuvunja ghala la kahawa na kumjeruhi mlinzi, na mlima mzima uliapa kwamba ameonewa. Nikamshawishi mpiga video huyo tutengeneze filamu ya kumtetea. Tukarekodi machozi ya mama yake, sifa kutoka kwa mchungaji na majirani. Maelezo ya kusomwa katika filamu nilikwisha kuyaandika. Mlinzi nilimwita "mgeni asiyejulikana alikotoka".

Mwenzangu aliyasoma, akaniuliza, "Umewahi kuongea naye?"

"Wa nini? Si ndiye aliyemfunga?"

"Basi kazi haijaisha."

Tukateremka hadi Maore. Mlinzi, mzee aliyetoka Kigoma miaka mingi nyuma kuja kukata mkonge, aliitikia shikamoo zetu, akatuonyesha mkono usioweza tena kushika jembe. "Nilimmulika kwa tochi, nikamwona. Hadi leo nasema ni yeye," alisema. "Ila ninyi ndio wa kwanza kuniuliza naendeleaje."

Nilitaka sehemu hiyo ikatwe. Mwenzangu alikataa katakata. Tulipoionyesha filamu katika ukumbi wa kanisa kule Suji, watu waliguna, wengine wakaniangalia kama msaliti. Kumbe mwenzangu alikuwa amemwalika mlinzi bila kuniambia! Mama wa mfungwa akasimama. "Baba, mwanangu hakufanya, na nitasema hivyo hadi kaburini. Lakini habari za mkono wako sikuzijua. Pole sana." Akamkalisha karibu naye, akampakulia makande.

Baadaye mahakama ya rufaa ilimwachia kijana. Majaji walisema mwanga wa tochi peke yake hautoshi kumtambua mtu. Filamu yetu haikuchangia chochote. Kijana alipooa, mlinzi alialikwa, akacheza mpaka kofia ikadondoka, bwana harusi akamwokotea. Nani hasa alivunja ghala lile, sijui mpaka leo.

Siku hizi filamu za kesi zenye utata zimejaa kwenye simu zetu, na nyingi huchagua kwanza mwema na mbaya, kisha hutafuta picha. Nami nilikaribia kumhukumu mzee wa watu bila kumsikiliza, huku nikiilaumu mahakama. Rafiki yangu alinifundisha, tena kwa kicheko, kwamba kumtetea mmoja hakutupi ruhusa ya kumziba mwingine mdomo.