Kimya cha Akina Bebb

Emlyn Bebb alikuwa na wimbo mmoja tu wa Krismasi, na ole wake atakayeugusa. Alirithi shamba, kondoo, ubishi na wimbo huo kwa baba yake, naye baba aliurithi kwa babu. Kila mwaka watu wa bonde la Cwm Derwen walipokusanyika kanisani kwa plygain, ibada yao ya nyimbo za Krismasi, Emlyn aliuimba huohuo. Pale hakuna kinanda, hakuna wa kumwita mtu, hakuna makofi. Mwenye wimbo anainuka mwenyewe, anakwenda mbele, anaimba, anarudi kukaa. Ila wimbo ukishaimbwa jioni ile, haurudiwi. Aliyechelewa, shauri yake.

Sasa huyu Emlyn alikuwa na kituko. Akimaliza ubeti wa tatu, ananyamaza. Si kunyamaza kwa kuvuta pumzi, la! Anasimama pale kama gogo, midomo kaifunga, mpaka watu waanze kukohoa, ndipo anamalizia ubeti wa mwisho. Baba yake alifanya hivyohivyo. Emlyn alipokuwa kijana aliwahi kumuuliza kwa nini.

"Baba yangu alinyamaza hapo," mzee alijibu. "Nawe nyamaza."

Basi akanyamaza miaka yote. Lakini swali halikumtoka. Sasa alikuwa mzee, hana mke wala mtoto, na wa kumuuliza hayupo tena. Kilichomuuma hasa ni kwamba angekufa bila kujua alikuwa ananyamazia nini.

Mwaka huo jirani yake Menna alipata mgeni, Nilda Pugh, mama wa makamo kutoka Argentina, kule ambako watu wa bonde hili walihamia zamani wakafuga kondoo. Lugha ya bibi yake aliijua barabara, na alikuwa amevuka bahari kwa jambo moja tu: kuzisikiliza nyimbo za Krismasi mahali zilikotoka. Alikuwa amefika siku moja kabla ya plygain. Mchana wa siku yenyewe Emlyn alipeleka kuni kwa Menna, akapitia mlango wa nyuma, akamkuta mgeni anaosha vyombo huku anaimba puani, bila maneno. Kuni zikamponyoka zote. Wimbo wake!

"Vipi, mzee, umeona jini?" Menna akamcheka.

"Nani kamfundisha huyu?"

"Si umuulize? Mdomo anao."

Thubutu! Bebb mzima amuulize mgeni habari za wimbo wa Bebb? Akageuka akaenda zake, hata salamu hakutoa. Njiani alikuwa anawaka kwa hasira na udadisi, hajui kipi kimezidi. Kaupata wapi? Anaujua wote? Na je, akiinuka kwanza yeye?

Jioni kanisani Emlyn, ambaye siku zote hukaa nyuma karibu na mlango, alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa. Menna alimnong'oneza mgeni wake, "Mwone yule. Leo sijui ana haraka ya nini."

Kasisi hajafunga mdomo vizuri baada ya sala, Emlyn yuko mbele tayari. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akanyamaza.

Mtu mmoja akakohoa. Nilda akaangaza huku na huku, haelewi.

"Maskini, kasahau maneno," akamwambia Menna. "Mbona hamumsaidii?"

"Mwache, ndivyo alivyo huyo..."

Lakini Nilda alikuwa ameshaanza, palepale alipokaa, kwa sauti nyembamba inayotetemeka. Ulikuwa ubeti wa Mariamu anambembeleza mtoto, peke yake, wengine wote wamelala. Emlyn akashika ukingo wa benchi. Maneno yale yaliingia ndani ya kimya chake yakakijaza chote, hayakupungua wala kuzidi. Nilda alipofika mwisho, ndio wakati uleule ambao Emlyn huanza tena kila mwaka. Akaanza, na ubeti wa mwisho wakaumaliza pamoja.

Hakurudi benchi la mbele alikokuwa amekaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la Nilda.

"Sogea kidogo, dada."

"Nisamehe, baba. Nilidhani umesahau."

"Huo ubeti umeutoa wapi?"

"Ni wa bibi yangu, Lowri. Msichana alikuwa mmoja tu kwao. Hapo kaka zake walikuwa wananyamaza, anaimba yeye. Halafu akaolewa, akapanda meli, ikawa ndio kwaheri."

"Lowri Bebb?"

"Ndiyo. Unamjua?"

"Babu yangu alikuwa mmoja wa hao kaka," Emlyn akajibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anamtazama.

"Hakurudi tena," Nilda akaendelea. "Alikuwa akisema, sijui walimpa nani ubeti wangu."

"Hatukumpa mtu," akasema Emlyn.