Kifuniko cha Cherehani

Jamani, nilikuwa nimeapa hili jambo nitaingia nalo kaburini, maana mpaka leo nikikaribia ile benki ya pale Biharamulo navuka barabara nikapite upande wa pili, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini kwangu kuna kifuniko cha cherehani na cherehani yenyewe haipo, basi kaeni niwaambie, na mkicheka chekeni tu, wenzenu walishacheka zamani.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mwanangu Zulfa alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, peke yake mtaa mzima, na mimi mjane sikuwa na cha kuuza ila cherehani aliyoniachia marehemu baba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nikasema nikiiuza napata ada, godoro na sanduku la bati, na tutakula nini baadaye Mungu anajua. Ningeiuza hapahapa mjini ningekuwa nimemaliza, lakini mimi (na tamaa yangu) nikautaka mnada wa Ngara, kule karibu na kambi ya Lukole, kwa sababu kila mtu alikuwa akisema huko kuna dola na watu wa mashirika hawaombi kupunguziwa. Shemeji yangu Hamisi alikuwa anakwenda huko kununua maharage, akanipakia kwenye lori.

Kule mnadani mnadishaji akaifunua cherehani, akazungusha gurudumu watu wasikie ilivyo laini, bei ikaanza kupanda. Fundi mmoja mkimbizi, Nestori, akafika elfu thelathini na tano akakwama. Nyuma yake akatokea kijana kavaa fulana ya shirika, kitambulisho shingoni, kalamu mbili mfukoni, akataja arobaini na tano kama anaagiza chai. Mara ya kwanza, mara ya pili, imekwenda!

"Shikamoo mama," akaniambia yule kijana. Mnaona adabu hiyo?

"Marahaba mwanangu."

"Samahani sana, sisi tunalipwa kwa dola. Nina hii noti ya mia, inazidi bei yako kidogo, wewe nirudishie chenji tu."

Nestori akanisogelea na hela zake zimefungwa kwenye kitambaa. "Mama, usimpe kwanza. Hera yangu ndiyo hii, tumechanga mafundi, ishike uione." Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe rudi kambini ukashone magunia ya mahindi ya msaada!" Watu wakaangua kicheko, nami nikajiona nimesema.

Hamisi akanivuta pembeni. "Shemeji, hii tungeipeleka benki kwanza."

"Benki ya wapi, na kijana wa watu ana haraka? Nikopeshe hela ya maharage nimpe chenji, tukifika Biharamulo nabadilisha nakurudishia."

Shemeji wa watu akatoa. Yaani cherehani nimempa, na elfu kumi na kitu za kumrudishia nikamkopea kwa mdomo wangu mwenyewe! Vijana wakaibeba mbiombio mpaka kwenye pikapu, na katika haraka hiyo kifuniko chake cha mbao kikabaki chini. Sasa mimi si nikakinyakua nikaanza kulikimbiza gari, buibui nimelikunja mkononi, kandambili moja imebaki nyuma, nikipiga kelele, "Mwanangu! Umesahau kifuniko!" Mnada mzima unanishangilia, naye akatoa kichwa dirishani akasema, "Baki nacho mama, kumbukumbu!" Nikarudi nikihema, nikamwambia Hamisi, unaona moyo wa vijana wa mashirika?

Ile noti nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikaisokomeza kifuani, sikuitoa njia nzima wala usiku ule. Asubuhi nikaenda nayo benki na Zulfa wangu, kavaa viatu vya Idi, maana tukitoka pale tulikuwa tunakwenda moja kwa moja kununua godoro. Foleni imejaa watu wanaonijua. Nikafungua pindo pale dirishani, na khanga ilikuwa na doa la kijani, na yule mzee wa kwenye noti alikuwa amefutika pua na jicho kwa jasho langu.

Karani akaigeuza. "Mama, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Ni dola, mwanangu."

Akamwita askari. Nikakalishwa benchi la polisi mpaka jioni kama mtengeneza noti bandia, watu wanapita wanachungulia, na hakuna kilichoniuma kama Zulfa alivyokaa pembeni yangu, anajifuta vumbi kwenye viatu. Waliniachia Hamisi alipokuja kunidhamini, yeye huyohuyo ninayemwonea aibu na anayenidai hela ya maharage. Yule kijana hakuonekana tena, na shirika lake likasema halimjui.

Shule ikafunguliwa, Zulfa hakwenda. Mwaka uliofuata nafasi ikawa ya mtu mwingine. Niliwahi kukutana na Nestori sokoni, nikatamani ardhi ipasuke, nikajua atanisema na ni haki yake, lakini aliniangalia tu akasema, "Pore sana mama," akapita zake. Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo simpi mtu chenji ya hela ambayo sijaijua, hata awe na vitambulisho shingo nzima. Lakini nadhiri hiyo inamsaidia nani sasa? Deni la Hamisi tulililipa kwa vitumbua, na anayevichoma ni Zulfa, kila alfajiri, pale barazani. Nilimnunulia kigoda kizuri cha kukalia. Hakitaki. Anakalia kile kifuniko.