Ndugu Saba Wagombea Kiraka Chekundu

Saa tatu asubuhi simu inaita tena, na fundi haipokei. Ana pini mdomoni, na mkono mmoja umezama hadi kiwiko ndani ya foronya anayoigeuza.

"Iache iite," anasema kwa pembe ya mdomo. "Ni dada mkubwa. Anataka kiraka chekundu."

Mtaani wanamwita Mama Viraka. Hushona mablanketi kwa nguo kuukuu ambazo watu wanashindwa kuzitupa: mashati ya marehemu baba, sare za shule, mapazia ya nyumba waliyohama. Hukata, hupanga sakafuni, kisha huunga kwa cherehani ya miguu iliyobanwa kati ya kochi na mlango wa jikoni. Ukitaka kupita, lazima upite kwa ubavu.

Dirishani ameketi mama yake mzazi, anatenga vifungo vya mkebe kwa rangi. Mwandishi wa makala haya alipewa uzi ashike tangu alipoingia, na mpaka sasa hajaambiwa auachie.

Blanketi linalomtoa jasho fundi si la mteja. Liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni. Mama huyo wa dirishani alilishona kwa mkono, miaka mingi iliyopita, kwa nguo zilizokwisha kuwabana wanawe saba. Sasa wanawe wameamua likatwe, kila mtu aondoke na kipande chake cha kumbukumbu. Wanakuja Jumamosi.

"Walikaa kikao hapa hapa," anasema, akitema pini kiganjani. "Mimi niko jikoni nawachemshia chai. Natoka na sinia, naambiwa: fundi ni wewe, utakata. Yamekwisha. Hata sukari sijaweka."

Yeye ni wa nne kuzaliwa, na kwa maelezo yake, wa nne ndiye anayetumwa na wakubwa na kusingiziwa na wadogo. Wote saba walilala chumba kimoja, wamejipanga mstari, blanketi limetandazwa kwa upana ili liwafikie.

"Wa pembeni ndio walikuwa wanakoma. Halafu kaka yetu wa pili alikuwa anajiviringisha nalo makusudi. Asubuhi sisi tunatetemeka, yeye amefungwa kama kifurushi. Ukimshtaki kwa mama, anaanza kukoroma." Anacheka mpaka anafuta macho, kisha anakumbuka kwamba amekasirika. "Sasa huyo huyo ndiye ananipigia kuniambia nikate kwa haki. Kwa haki! Yeye!"

Simu inaita. Safari hii anapokea na kuweka sauti kubwa, ili mwandishi ajisikilizie.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kile chekundu usimpe mtu. Ni gauni langu, mimi ndiye niliyelivaa kwanza."

"Mdogo wako naye anasema ni lake. Ana picha amelivaa."

"Alirithi kwangu!"

"Na mimi nikarithi kwake, dada. Lilichanikia mwilini mwangu, nikachapwa mimi. Kwa hiyo ni la nani?"

"Wewe kata tu, mdogo wangu. Usianze maneno yako."

Anakata simu na kushusha mfuko. Anatandaza blanketi kwenye kochi kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto, huku mdomo hausimami.

"Haya, nionyeshe nguo ya mtu mmoja hapa. Hii kaptula imevaliwa na wavulana wote watatu. Hili shati lilianza kwa kaka, likaja kwangu likiwa blauzi, likaishia kwa kitinda mimba. Na tazama mama alivyoshona. Kila kiraka amekipandisha juu ya mwenzake. Nikimtolea dada chake, cha jirani kinafumuka. Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Hawaambiliki."

"Lilikuwa langu," anasema mama dirishani.

Fundi anageuka.

"Hilo gauni jekundu. Nililivaa kabla sijamzaa hata mmoja wenu. Dada yenu nilimpunguzia." Anadondosha kifungo kwenye mkebe. "Mkishamaliza kugombana, nirudishieni blanketi langu."

"Lakini mama, si tulikununulia jipya?"

"Zuri. Linateleza. Kila nikiamka liko chini." Anavuta kitenge magotini. "Niliona mmelichukua, nikadhani mnalifua."

Fundi anasimama katikati ya sebule. Katika kikao kile, watu wazima saba, hakuna aliyemuuliza mwenye blanketi kama amemaliza kulitumia. Na yeye alikuwa mmoja wao, anasema. Sinia mkononi.

Analichukua na kumfunika mama miguu, chekundu kikiwa juu. Kisha anakusanya mikasi yote, ule mkubwa, wa kukatia uzi, hata wa kucha, anaifungia kabatini na kutia ufunguo kifuani.

Mpango wake sasa ni mmoja. Anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, akiwa bado amenuna.

"Jumamosi kila mtu aje na sindano yake. Kuna viraka vimelegea pembeni, mtakaa chini mvishone. Na fanyeni haraka, mama atalitaka jioni."