Kokoto za Mwalimu wa Gofu

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa Kahama, nikataka kukiona kile kiwanja cha gofu cha mgodini. Hakipo. Mgodi ulifungwa, wachimbaji wadogo wakaingia, na sasa pale ni maduara matupu, yale mashimo yao ya kutafutia dhahabu. Binamu niliyekuwa naye alisikitika. Mimi nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Nisikufiche rafiki yangu, nyasi zile nilizipenda na kuzichukia. Sisi tulichota maji lamboni pamoja na ng'ombe, na wao walimwagilia majani! Jumamosi asubuhi ungesikia mabomba yakitema maji, nami napita getini nimeshiba michembe ya bibi, viazi vyake vya kukausha, na mingine imejaa mfukoni. Watoto wa vijiji vya jirani tuliruhusiwa kujifunza. Atakayechaguliwa kwenda mashindanoni angesomeshwa sekondari ya bweni, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kunisomesha.

Mwalimu wa gofu alikuwa mtu wa kuja, mwenye kofia nyeupe na dharau nyingi. Alisema mpira unapigwa kwa akili, si kwa mikono. Basi akatugawia kokoto. Ukishapiga, kabla ya kutazama mpira umeangukia wapi, jiulize: niliamua nitakachofanya, na akili ikabaki hapo hapo mpaka mwisho? Kama ndiyo, hamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Jioni alikagua mifuko ya kushoto.

Hakujua, wala hakujisumbua kujua, kwamba alikuwa anatutaka tujisifu. Bibi aliyenilea alikuwa mkali kwa hilo kuliko hata kwa wizi. Ukimsifia mavuno, atakwambia ni kidogo tu, hata ghala likiwa limefurika. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alikuwa akisema huku akipepeta mtama. Ningeanzaje mimi kujitangaza kwa kokoto? Napiga, naisikia fimbo ikiugusa mpira sawasawa, dunia nzima imenyamaza, halafu mkono unagoma kuingia mfukoni.

Siku ya kuchagua niliwashinda wote. Mwalimu akapekua mfuko wangu wa kushoto, akatoa kokoto moja na kipande cha mchembe.

"Akili yako ilikuwa wapi?"

"Ilikuwepo kidogo tu, mwalimu."

"Kidogo! Basi umebahatisha. Simpeleki mtu wa kubahatisha."

Akamchukua mtoto wa jirani yetu, aliyekuwa akihamisha kokoto hata mpira ukipotelea kichakani, mfuko wake umening'inia kama kiwele. Nilimchukia mwalimu yule siku ile, na namchukia mpaka leo. Wenzangu walipoanza sekondari, mimi nilikuwa Ushetu nikichuma tumbaku ya watu, vidole vikinata utomvu mchana kutwa.

Sasa kiwanja hakipo, bibi hayupo, na ule ukimya wa kabla ya fimbo kugusa mpira sijaupata tena popote. Bibi aliniuliza mara moja tu kwa nini sikuchukuliwa. Nikamjibu kwamba sikujua kucheza. Akanishika kichwa, akasema si neno mjukuu wangu, na akafa akiamini hivyo. Ningemwambiaje kwamba nilikataliwa kwa sababu alinilea vizuri?