Kijitu cha Mlimani

Juzi, nikiwa hoi kwa kazi, niliweka kwenye kompyuta yangu programu inayoigiza kompyuta za zamani, nikafungua gemu la kile kijitu kinachopanda mlima. Kilipanda bila kusita.

Utotoni, kwenye kompyuta ya baba, ambayo mama aliifunika kitambaa cha kufuma hata ikiwa imewashwa, kijitu kilikuwa kikikwama katikati ya mlima, feni ikikoroma, harufu ya plastiki ya moto ikitanda sebuleni. Nilidhani kijitu kinahema.

Alasiri moja mama aliingia na tenga la kabichi kutoka Mgeta, akajitupa sakafuni.

“Mama, amegoma!” nikamwambia, nikimwonyesha kijitu.

“Mwache apumzike, mwanangu. Mlima haukimbii.”

Kisha mwenyewe akainuka kuwasha jiko.

Leo najua kitambaa ndicho kilichoziba hewa. Hata hivyo, juzi nilikisimamisha kile kijitu katikati ya mlima, nikakaa nacho.