Kati ya Mzembe na Mbishi

Msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hoteli hukariri Kiingereza huku akihesabu mashuka, na wapiga pasi wote watano hukatisha maongezi kila anapopita. "Careless, mzembe. Stubborn, mbishi," hunong'ona, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja. Meneja mpya anataka kila mfanyakazi aandikiwe tabia yake kwa Kiingereza, neno moja tu, na katika kila watano mmoja lazima apate neno baya. Mikono ya msimamizi, inayogundua unyevunyevu kwenye shuka kwa kulipapasa tu, hushika kamusi kama inashika pasi ya moto. Hujifuta viganja kwenye aproni hata vikiwa vikavu. "Shoga, neno la leo ni lako," wapiga pasi hutaniana, lakini kicheko hakifiki mbali. Yule wa meza ya mwisho, mama wa watoto watatu, hacheki kabisa.

Ijumaa, saa moja kabla ya fomu za tabia kupelekwa kwa meneja, msimamizi alisimama kwenye meza hiyo ya mwisho.

"Hebu niambie. Ungekuwa wewe meneja, kati ya mzembe na mbishi ungeanza kumfukuza nani?"

Mpiga pasi aliisimamisha pasi yake kando. "Mzembe. Mbishi huvumiliwa, dada, mradi kazi yake iende mbio."

Msimamizi alishusha pumzi, akaandika neno la pili herufi kwa herufi, akakunja fomu bila kumtazama usoni.

"Basi kuanzia Jumatatu, mdogo wangu, pasi yako iende mbio."