Betri Chini ya Ngazi

Siku yangu ya mwanzo kazini nilisimamishwa mlangoni nikapekuliwa mifuko kama mwizi. Msimamizi wa Chumba cha Betri, mtu mfupi mwenye sauti ya kuadhinia, alinyoosha kiganja akaniambia, "Toa kiberiti. Toa sigara. Saa hiyo vua. Pete nayo."

Nikamwambia sivuti sigara.

"Sijakuuliza unavuta au huvuti. Nimekwambia toa."

Nikatoa kila nilichokuwa nacho mpaka funguo za nyumbani. Hasira zilinipanda, maana nilikuwa kijana, nimevaa nguo mpya ya kazi, na nilidhani nimekuja kuajiriwa, si kupekuliwa. Kisha akafungua madirisha yote ya kile chumba, akaniambia tusubiri nje kwanza. Tukasubiri kwenye jua, naye hana haraka hata kidogo.

Vijana wengi watakaosoma haya hawajapata kuona chumba kama kile. Swichi kubwa za kituo cha umeme, zile zinazokata na kurejesha umeme wa mji, haziwezi kutegemea umeme wa mji huo huo. Mji ukiingia kiza, lazima ibaki nguvu pembeni ya kuziendesha, na nguvu hiyo ilikuwa ndani ya betri. Zilikuwa betri za madini ya risasi na asidi, zimepangwa safu safu juu ya mbao. Kazi yangu ilikuwa kuzitazama: kuzitia maji yaliyosafishwa, si ya mfereji, kupima uzito wa asidi kwa kipimo cha kioo, kupangusa ule ungaunga unaoota kwenye vichwa vyake. Betri ya namna hii ukiijaza umeme kupita kiasi, maji yake hutokota na kutoa hewa. Hewa hiyo huioni. Ikijikusanya chumbani, cheche moja yatosha, hata ya pete iliyogusa vichwa vya betri.

"Pah!" alisema Msimamizi, akapiga kofi mbele ya pua yangu. "Na asidi yote usoni. Uso wako wewe, si wa Injinia."

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Nnaandika haya roho inanichemka, na mtakapofika mwisho mtajua kwa nini.

Kutoka kituoni nikahamishiwa shamba, upande wa Mangapwani, kwenye laini za nguzo. Huko bosi wangu alikuwa Injinia wa Wilaya, mtu mpole, kazi yake kutazama nguzo na kuguna. Siku moja jioni alinionesha taa za kijijini zinavyofifia. "Mchana nguzo hizi zinalala," aliniambia. "Magharibi zinabeba kisiwa kizima." Wakubwa wakiziita saa za kilele. Sisi mafundi tukisema magharibi, basi, na kila mtu anajua. Kwetu nyumba haikai kiza magharibi. Taa zote zinawashwa, hata za vyumba visivyo na mtu. Pampu inapandisha maji darini, birika linachemka, kanzu inapigwa pasi, televisheni inangoja habari. Umeme unaelemewa, friji inaunguruma bila ya kupoza, na kila kitu kinakula mara mbili.

Mwisho nikaletwa mjini, ofisi ya Amani, dawati la malalamiko, na nnakwambieni laini ni raha. Kila asubuhi mtu ananisimamia. "Tukuza nimenunua juzi, leo imekwisha, nani kaila?" Tukuza ndiyo hii mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Nikiwauliza: pampu mnawasha saa ngapi? Pasi je? Jibu ni lile lile, magharibi. Nikiwaambia pampu iwe asubuhi na pasi iwe mchana, wakinitazama kama niliyewatukana. Mkuu wa Huduma akipita nyuma yangu akicheka, "Wee Khamis, tumekuajiri uuze umeme au uwazuie watu wasinunue?"

Kwa hivyo zilipoanza kuja hizi betri za majumbani, mimi nshastaafu, nilifurahi mno. Wazo lenyewe ni zuri, asikudanganye mtu. Unaweka sola juu ya paa, jua linajaza betri kutwa, na magharibi nyumba inakula kilichomo kwenye betri badala ya kula tukuza. Inveta, lile sanduku linaloubadilisha umeme wa betri uwe wa kuwashia taa na friji, inafanya kazi hiyo bila ya wewe kugusa kitu. Kile nilichokuwa nikikililia pale dawatini kimepatikana. Nilimwambia kila mtu aliyeniuliza, weka. Nikamwambia na dada yangu.

Dada yangu mkubwa, Bi Zuwena, anakaa Mkunazini, kwenye nyumba tuliyoachiwa na wazee wetu. Mumewe alishakufa. Kazi yake ni kufukiza. Mwenye harusi humletea nguo za biharusi na mashuka, naye huzitia udi mpaka harufu inaganda, na hakuna Mji Mkongwe mzima anayemfikia kwa kazi hiyo. Anaishi kwa macho yake na mikono yake, hana kingine.

Alikwenda mwenyewe Darajani, hakuningoja, akaletewa vitu na kufungiwa siku hiyo hiyo. Nilipita kesho yake alasiri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo uone! Jana magharibi nzima sikugusa tukuza. Friji inapoza, wallahi, mpaka maji yanauma meno."

"Betri ziko wapi?"

"Stoo, chini ya ngazi. Aliyeniuzia kaniambia ziwekwe pasipo mtu kuzigusagusa."

Alikuwa ameshika chetezo, makaa yamekolea mekundu, udi unaanza kutoa moshi. Akaanza kushuka ngazi.

"Unakwenda wapi na hicho?"

"Stoo. Nguo za biharusi zimo humo. Chumba hakina dirisha, moshi hautoki, nimeziba na chini ya mlango kwa tambara. Pazuri kuliko pote nilipowahi kufukizia."

Pale pale harufu ikanifikia. Chini ya ule udi mzuri palikuwa na harufu nyengine, ya mayai viza, na mimi harufu ile ya betri inayotokota nimeishi nayo ujana wangu wote. Nikaruka nikakikamata chetezo kwa mkono mtupu. Vidole vikaungua, sikukiachia. Nikakitoa mpaka uani.

"Una wazimu wee Khamis?" alipiga kelele nyuma yangu. "Nguo za watu hizo! Harusi kesho! Unataka kunivunjia jina langu?"

"Mle ndani mna hewa inayolipuka, dada."

"Hewa! Kwenye stoo yangu mwenyewe?"

Nikafungua mlango wa stoo na dirisha la ukumbi na mlango wa njiani, nikamwambia asogee asikilize. Betri zilikuwa nne, kuukuu, za magari makubwa, zimepakwa rangi zionekane mpya. Zilikuwa zinatokota kama sufuria ya maharage, na juu yake, shubiri moja tu kutoka kwenye vizibo, zimetundikwa nguo nyeupe za biharusi. Dada akasikiliza. Akakaa kwenye ngazi.

"Na jana nimefukiza humu humu," alisema.

"Jana zilikuwa hazijajaa. Leo jua limekuwa kali."

Akawa anajipapasa uso, kwenye nyusi, kwenye mashavu.

Nilikwenda Darajani na mkono wangu umefungwa kitambaa. Muuzaji alinikaribisha vizuri, akanipa kiti.

"Betri zetu hazina matunzo, mzee wangu. Unaweka, unasahau."

"Zina vizibo vya kutilia maji. Betri yenye vizibo vya maji unaisahau maisha yako yote?"

"Mie nauza, mzee. Pa kuweka anachagua mwenye nyumba."

"Ulimwambia asipeleke moto karibu?"

Akacheka. "Nani apeleke moto stoo?"

Ala! Mtu kazaliwa Unguja, kakulia Unguja, kanzu aliyovaa inanukia udi hatua tatu, ananiuliza mimi nani atapeleka moto ndani ya nyumba! Ulinukia vipi wewe, nikamwambia, ulijipaka rangi? Mama yako alikufukiza jikoni au njiani? Watu wakaanza kugeuka kututazama. Nikamuuliza kauza nyumba ngapi.

"Nyingi, alhamdulillahi."

"Zipi?"

"Humu humu mjini, na Ng'ambo. Mzee, hao wateja, si wanangu. Mtu akishalipa akachukua, nitamfuata mpaka chumbani?"

Nilitoka zangu. Kila chombo kinachoweza kuua watu kina mtu wa kukikagua, hata gari bovu la mkaa husimamishwa njiani. Lakini kitu nilichofundishwa kukiingilia bila ya pete kidoleni, kinauzwa sokoni pamoja na vitunguu, na aliyekiuza halali njaa wala haoni haya. Na akinunua mwanamke mjane, akadanganywa, watu watasema hajui umeme. Ajue kwa nani? Nani alimwambia?

Betri za dada nilizipandisha darini, kwenye kivuli lakini upepo unapita, nikapunguza nguvu ya kuzijazia, nikazitia maji yanayotakiwa. Mpaka leo magharibi yake hali tukuza, na huchelewa kwenda kununua mpaka anasahau kunishukuru. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Mwenye uwezo anunue zile mpya zilizofungwa zisizotoa hewa namna hii, na hata hizo asizirundikie nguo. Asiye na uwezo anunue za asidi, lakini aziweke penye upepo, na chetezo kisizisogelee. Hayo tu. Ni maneno ya kusema muuzaji akiwa amesimama, kabla hajapokea pesa.

Watu wananiambia umestaafu, Khamis, pumzika. Ningepumzika. Lakini nikisikia adhana ya magharibi siku hizi moyo unanienda mbio, kwa sababu najua saa hiyo ndiyo betri zimejaa, na saa hiyo ndiyo mji mzima unawasha udi.

Dada ndiye aliyesema twende tukazitafute hizo nyumba zilizouziwa betri. "Wewe hutafunguliwa," aliniambia. "Mwanamme mgeni, ndani wanawake watupu. Nitaingia mie." Tukaanza na mtaa wa nyuma yetu, tukiangalia mapaa yenye sola. Nyumba ya mwanzo akabisha, akakaribishwa, mimi nikakaa barazani. Jua lilikuwa linakuchwa. Hakukawia kutoka, na ushungi wake umemwanguka mabegani hana habari.

"Zipo?" nikamuuliza.

"Zipo. Chumbani kwa mama yao, mgonjwa wa kitandani. Madirisha wamefunga, wanasema baridi inamdhuru."

"Na chetezo?"

"Kiko juu ya betri. Mwanamke aliyenikaribisha anasema ndipo palipo sawa, hakiyumbi. Makaa anayapepea sasa hivi. Nimemwambia ayatoe, ananijibu mpaka amuulize mumewe."

Nikavua viatu, nikaingia bila ya kupiga hodi.